Bendi ya Shule Hujengwa Kidato cha Kwanza

Hotuba kwa walimu wa muziki na walezi wa bendi za shule

Ndugu mwenyekiti, wakuu wa shule mlioacha ofisi zenu kuja kutusikiliza, walimu wa muziki, na ninyi walezi wa bendi ambao wengi wenu mlikabidhiwa ufunguo wa stoo kabla ya kufundishwa chochote kuhusu ala zilizomo ndani: nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie maisha na kazi ya mwalimu wa bendi ya shule. Nitaanza na kalenda, maana kalenda humwangusha mwalimu wa bendi kabla ya jambo jingine lolote. Mtihani wa Kidato cha Nne hufanyika Novemba. Tarehe 9 Desemba ni Uhuru, na kwa ndugu zetu wa Kenya tarehe 12 ni Jamhuri. Yaani siku ambayo wilaya nzima inataka kusikia tarumbeta, wapigaji wako hodari wamesharudisha ala na kwenda makwao. Kila mwaka bendi hupoteza kidato kizima, tena kile kilichobeba sauti. Watu wakisikia bendi imepooza husema imekufa mwaka huu. Ukifuatilia utakuta ilikufa Januari ya miaka mitatu iliyopita, pale ambapo hakuna mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyeandikishwa kwa sababu bendi ilikuwa inapiga vizuri na mwalimu hakuona haja.

Kwa hiyo nitakayoyasema leo yote yanarudi hapo: jinsi ya kumpata mtoto mpya, kumpa ala inayomfaa, kumfundisha asikate tamaa, na kuhakikisha ala yenyewe bado inapiga siku anapoihitaji.

Tuchukue bendi ya wapigaji 25, ukubwa ambao shule ya kawaida inaweza kuumudu. Mgawanyo unaosikika vizuri ni huu: tarumbeta au kornet 6, alto honi 3, tromboni 4, baritoni au yufoniamu 2, tuba 2, klarineti na saksafoni 4, ngoma ndogo 2, ngoma kubwa 1 na matoazi 1. Ukikagua bendi zetu nyingi utakuta tarumbeta 12, tromboni 2, na tuba moja iliyotoboka inayokaa kabatini. Kila mtoto anataka tarumbeta kwa sababu ndiyo anayoiona harusini. Matokeo yake sauti ni kali juu na tupu chini, na mwalimu anawaambia watoto wapige kwa nguvu zaidi ilhali kinachokosekana ni besi. Ukipata fedha za kununua ala moja tu mwaka huu, nunua tuba au itengeneze uliyonayo. Tarumbeta ya saba haitabadilisha kitu.

Siku ya kupokea watoto wapya weka meza moja yenye mauthipisi (kipande cha ala kinachowekwa mdomoni kupulizia) tatu tu: ya tarumbeta, ya tromboni na ya tuba. Weka pia beseni la maji ya sabuni, spiriti na kitambaa safi. Mtoto afunge midomo, avute pumzi, na apulize hadi midomo itetemeke na kutoa mlio kwa sekunde tano. Ajaribu zote tatu, na kila moja ioshwe na kufutwa kwa spiriti kabla ya mtoto mwingine. Usafi huu uendelee mwaka mzima, kila mtoto na mauthipisi yake, kwa sababu magonjwa yanayopita kwa mate yapo na kupokezana mauthipisi bila kuosha ni kucheza na afya za watoto wa watu. Yule ambaye mlio unamtoka kirahisi kwenye mauthipisi kubwa, mpeleke kwenye tuba au baritoni hata kama analilia tarumbeta. Wa tromboni mnyooshee mkono uone kama anaufikia mwisho wa slaidi, lile bomba linalotelezeshwa, yaani nafasi ya saba. Wa klarineti tazama vidole: visipoziba matundu sawasawa, ala italia kama filimbi iliyopasuka na mtoto atadhani kosa ni lake. Kwa bendi ya watu 25 andikisha watoto 12 kila Januari. Baadhi wataacha, wengine watahama shule, na watakaobaki watatosha.

Katika jambo hili la kumpa mtoto ala asiyoitaka, yuko mwalimu mmoja ambaye kazi yake inastahili kujulikana huku kwetu. Ni Walter Dyett wa Chicago, Marekani. Alizaliwa mwaka 1901, akaanza kufundisha katika shule ya Wendell Phillips mwaka 1931, na shule ya DuSable ilipofunguliwa mwaka 1935 kwenye mitaa ya Wamarekani weusi ya kusini mwa jiji, akahamia huko na kuongoza muziki kwa zaidi ya miaka 25. Wanafunzi walimwita Kapteni, na alikuwa mkali. Johnny Griffin alifika kwake akitamani saksafoni ya tena (tenor). Alianzishwa kwenye klarineti, akapitishwa kwenye obo, kisha saksafoni ya alto. Mwaka 1945, akiwa na miaka 17 na ametoka tu shuleni, alichukuliwa na bendi ya jazi ya Lionel Hampton. Wapo pia wanafunzi wake wengine waliovuma: Gene Ammons, Von Freeman, Eddie Harris, Clifford Jordan na John Gilmore kwenye saksafoni, Richard Davis kwenye besi, Julian Priester kwenye tromboni, Dorothy Donegan kwenye piano, na mwimbaji Johnny Hartman.

Kinachonivutia zaidi ya umaarufu wao ni miaka yao ya kuzaliwa. Donegan ni wa 1922, Ammons wa 1925, Griffin wa 1928, Harris wa 1934, Priester wa 1935. Hawakuwa kizazi kimoja chenye bahati. Wakubwa walipoondoka, wadogo walikuwa tayari wamekaa kwenye viti vyao, na mambo yalikwenda hivyo mwaka baada ya mwaka. Na kwa kuwa bajeti ya shule haikutosha, Dyett aliandaa kila mwaka onyesho kubwa la wanafunzi lililoitwa Hi-Jinks, watu wakalipa kiingilio, na fedha zikarudi kwenye muziki wa shule. Shule zetu zinapoalikwa kupiga harusini na kwenye mahafali zipatane bei mapema, zitoe risiti, na fedha hizo ziingie kwenye kasma ya bendi. Zikimezwa na matumizi mengine ya shule, mwakani hakuna mafuta ya pistoni, vile vitufe vinavyobonyezwa kwenye tarumbeta.

Sasa nije kwenye nota, ambako walimu wengi wa kwaya hukwama bila kujua kwa nini. Tarumbeta, klarineti na saksafoni ya tena ni ala za B-flati: mtoto akisoma C, masikio yanasikia B-flati. Alto honi na saksafoni ya alto ni za E-flati: akisoma C, inasikika E-flati. Ukitoa nakala za kitabu cha nyimbo za kanisa na kumgawia kila mtu ukurasa uleule, utapata vurugu ambayo hakuna mazoezi yatakayoiondoa. Kwaya ikiimba kwa kii (sauti ya msingi ya wimbo) ya G, tarumbeta inatakiwa kusoma kwa A, yenye shapu tatu, yaani alama za kupandisha sauti, na alto kwa E, yenye shapu nne. Hiyo ni mizigo kwa mtoto wa mwaka wa kwanza. Shusha wimbo hadi F: tarumbeta inasoma G yenye shapu moja, alto inasoma D yenye shapu mbili. Ukiwezekana kwa B-flati ni rahisi zaidi, kwani tarumbeta inasoma C bila shapu wala flati, na alto inasoma G. Andika kila sauti kwa mkono kwenye karatasi yake. Ni kazi ya jioni mbili kwa wimbo mmoja, na hakuna njia ya mkato inayofaa.

Kuna mtego mwingine ndani ya huo. Makanisa ya Kilutheri na Kimoraviani yalipokea kwaya za tarumbeta kutoka kwa wamisionari wa Kijerumani, na kwa mtindo wa Kijerumani mpigaji wa tarumbeta ya B-flati husoma sauti kama inavyosikika. Mwenzake aliyefundishwa kwa mtindo wa Kiingereza, kama ulivyo katika bendi za polisi na jeshi, husoma iliyohamishwa. Waweke hao wawili kwenye stendi moja, waonyeshe C ileile ya chini: wa mtindo wa Kiingereza hatabonyeza kitu, wa mtindo wa Kijerumani atabonyeza pistoni ya kwanza na ya tatu, na watapishana toni nzima. Wote wawili wako sahihi kwa walivyofundishwa. Kwa hiyo mtoto akisema amepiga kanisani, muulize anaitaje nota inayotoka bila kubonyeza pistoni yoyote. Akijibu B-flati, umeshamjua. Mwachie muda wa kuhama, au muandikie karatasi yake.

Watoto wetu wengi wanasoma sol-fa kuliko nota za mistari, na hilo ni mtaji. Waimbe do-re-mi ya wimbo wote kwanza, ndipo wapulize. Mtoto asiyeweza kuuimba mwendo wa sauti yake hataweza kuupiga, kwa sababu kwenye ala za shaba pistoni zilezile hutoa sauti kadhaa tofauti, na ni sikio na midomo vinavyochagua ipi itoke.

Mazoezi ya saa moja yagawanywe hivi: dakika 5 kupanga viti, 10 za sauti ndefu na kuteleza kutoka sauti moja hadi nyingine bila kubadili pistoni, 10 za skeli (ngazi za sauti), 30 za nyimbo, 5 za kukausha na kurudisha ala. Kinachoachwa kila mara ni zile dakika 10 za sauti ndefu, kwa kuwa hazifurahishi na gwaride liko karibu. Kisha tunashangaa bendi inachoka kwenye wimbo wa pili. Misuli ya midomo hujengwa kwa muda mfupi wa kila siku. Dakika 20 kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi. Mtoto aliyechoka hukandamiza ala kwenye midomo ili sauti ya juu itoke. Ukiona duara jekundu lililozama mdomoni na mashavu yamevimba, mpumzishe hapohapo. Akiendelea atavimba midomo, na kesho hatapiga kabisa. Kusawazisha sauti pia kufanywe baada ya kupasha ala, maana shaba ikipata joto sauti hupanda. Bendi iliyolinganishwa asubuhi kivulini, ikatolewa juani saa sita, ilinganishwe upya.

Nikae kidogo kwenye utunzaji wa ala, maana hapa ndipo fedha za shule zinapotea kimyakimya. Ala ya pistoni ina maadui watatu: sukari, kukauka, na mikono yenye haraka. Mtoto anayekunywa soda kisha akapuliza huacha sukari ndani ya pistoni, nayo hunata. Sheria iwe maji tu, na kusukutua kabla ya kushika ala. Pistoni zitiwe mafuta yake kila siku ya mazoezi, matone matatu manne. Mafuta ya kula hayafai hata kwa dharura: huganda na kugeuka gundi. Slaidi za kulinganishia sauti zipakwe grisi yake, na isipopatikana mafuta ya mgando ya dukani yanatosha.

Pistoni ikikwama, fungua kofia ya juu, vuta pistoni taratibu, iweke kwenye kitambaa. Tazama mwili wake: utaona namba imechongwa, 1, 2 au 3. Ifute, futa na nyumba yake kwa kitambaa kisicho na nyuzi, tia mafuta, irudishe katika shimo la namba hiyohiyo, izungushe polepole hadi usikie imeingia mahali pake, kisha funga. Ala nyingi zinazorudishwa stoo kwa maelezo kwamba haitoi hewa hazijaharibika. Mtu alisafisha pistoni zote pamoja, akabadilisha ya kwanza na ya tatu, matundu yakakosa kukutana na njia ya hewa. Ni kosa la dakika moja, na huweza kuifungia ala kabatini miaka mingi.

Mauthipisi iliyonasa isiguswe kwa koleo. Hunasa kwa sababu watoto hupenda kuipigapiga kwa kiganja ili itoe mlio, na koleo huikunja bomba la mbele, ambalo kuliunganisha upya ni kazi ya fundi. Kipo kifaa maalumu cha kuivutia. Shule tano zinaweza kuchangia kimoja. Slaidi iliyoganda itiwe mafuta ya kulegeza kutu, ilale usiku mzima, kisha ivutwe kwa mkanda wa kitambaa. Slaidi ya tatu ya tarumbeta ndiyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa D ya chini, inayopigwa kwa pistoni ya kwanza na ya tatu, hutoka juu kidogo, na C-shapu ya pistoni zote tatu hutoka juu zaidi. Kwa D mtoto aisukume slaidi nje kama sentimita moja, kwa C-shapu karibu mara mbili. Slaidi ikiwa imeganda hawezi, na utamlaumu sikio lake bure. Kagua pia kizibo cha tundu la kutolea maji. Kikichakaa, hewa huvuja na ala nzima hulegea. Mara moja kila mwezi osha ala za shaba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Maji ya moto hubandua rangi. Klarineti na saksafoni zisiingizwe majini kamwe, pedi zake zitavimba. Kwa ridi, kile kipande chembamba cha tete kinachotetemeka kwenye klarineti na saksafoni, anza na namba 2 au 2½, mtoto azungushe tatu badala ya kuua moja.

Gwaride. Mwendo wa hatua 116 hadi 120 kwa dakika unafaa, lakini hatua ya kijeshi ya sentimita 76 ni ndefu kwa mtoto wa Kidato cha Kwanza. Atarukaruka, na mauthipisi itampiga meno. Fupisheni hatua. Zaidi ya hapo, wakuu wa shule naomba mnisikie: wanafunzi wa mwisho kwenye gwaride wakipishana mguu na wa mbele, mara nyingi si utovu wa nidhamu. Sauti husafiri mita 345 hivi kwa sekunde. Mstari ukiwa na urefu wa mita 60 nyuma ya ngoma kubwa, mlio huwafikia wa mwisho ukiwa umechelewa karibu theluthi moja ya hatua. Wekeni bendi katikati ya gwaride badala ya mbele, au wafundisheni viongozi wa safu kufuata kwa macho miguu ya walio mbele yao. Bendi nayo isipige mfululizo: wimbo mmoja, kisha ngoma peke yake dakika mbili tatu ili midomo ipumue.

Kuhusu maisha ya mwalimu mwenyewe nitasema la masikio kwanza, kwa sababu likiondoka halirudi. Kipimo kinachotumika katika afya kazini ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda unapungua nusu: 94 ni saa moja, 100 ni robo saa. Darasa la saruji lenye paa la bati na tarumbeta sita hufika huko bila shida. Pima kwa programu ya simu. Tundika mikeka na mapazia ukutani, fungua madirisha, tumia vizibo vya masikio vya dukani, na usiwaweke klarineti mbele ya midomo ya tromboni. Watoto nao wana masikio.

Njia za kuingia kwenye kazi hii ni nyingi. Pwani yetu imejua beni, ngoma ya mashindano iliyoiga bendi za kijeshi, tangu mwishoni mwa karne ya 19. Vikundi vya beni vilishindana kwa ngoma na shaba Mombasa, Lamu na Tanga kabla ya shule nyingi tulizonazo kujengwa. Leo wapo wastaafu wa bendi za polisi, jeshi na magereza, wapo waliolelewa na Jeshi la Wokovu, wapo waliosoma Bagamoyo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kenyatta, au Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi pale Zanzibar. Mstaafu anaijua ala, mhitimu wa chuo anajua kuandika nota. Shule yenye akili huwaita wote wawili.

Mwisho kabisa, uhamisho. Mwalimu wa bendi huhamishwa kama mwalimu mwingine yeyote, na akiondoka na kila kitu kichwani mwake, shule inaanza upya. Weka daftari moja gumu: namba iliyochongwa kwenye kila ala, hali yake, nani anayo, saini ya mzazi. Weka faili la nota lenye karatasi ya kila sauti, si nakala moja ya kiongozi peke yake. Weka orodha ya watoto kwa kidato, na ala ambayo kila mmoja anaandaliwa kuirithi: huyu wa Kidato cha Pili anakaa pembeni ya tuba ya kwanza, huyu wa Kidato cha Tatu anafundisha tromboni wapya kila Jumanne. Nakala moja ikae kwa mkuu wa shule, nyingine stoo, na ya tatu apewe kiranja wa bendi wa Kidato cha Tatu ifikapo Oktoba, kwa sababu Januari huenda ni yeye atakayefungua stoo na kuwapokea watoto 12 wapya, mwalimu mpya akiwa bado njiani.